Sanduku Lenye Milango Miwili

Karatasi ya amri ya usafi ilisomwa siku ya Alhamisi jioni, wanaume wa mstari wa tatu wa nyumba walipokuwa wamekwisha kurudi kutoka kazini na wanawake wakipepeta unga. Aliyeisoma ni Lazare, msaidizi wa usafi wa kambi ya reli ya Kamina, kijana wa miaka ishirini na mitatu aliyetoka shule ya Wamethodisti. Alikuwa na tabia moja: akisoma jambo asilolipenda, sauti yake ilishuka chini hadi watu wa nyuma wakamwomba arudie.

Akarudia. Panya wamezidi. Wanashuka kwenye treni pamoja na magunia ya mahindi kutoka Kaniama na vikapu vya samaki wakavu kutoka Kinkondja, wanaingia ghalani, na kutoka ghalani wanaingia majumbani. Kwa hiyo Jumatatu, wiki ya tatu kuanzia leo, dawa ya sumu itawekwa chini ya vitanda na nyuma ya mitungi katika nyumba zote kumi na mbili za mstari wa tatu.

"Hiyo dawa iko namna gani?" akauliza Gamaliel.

Gamaliel alikuwa seremala wa mabehewa, mtu wa miaka hamsini na mbili, mzee wa kanisa, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha nyumba yake.

"Ni poda, tata," akasema Lazare, akimwita baba kama vijana wote wa kambi. "Nyeupe. Tunaichanganya na unga wa mahindi na sukari kidogo."

"Sukari."

"Ili panya bapende kula."

Gamaliel akageuka kutazama ndani. Mjukuu wake Tamar, wa miezi kumi, alikuwa chini ya meza akitafuna kisigino cha kandambili ya mama yake. Siku hiyo hiyo asubuhi walikuwa wamemtoa mdomoni kipande cha mkaa, kifungo, na kitu ambacho hawakukitambua. Nyumba za mstari wa tatu zilikuwa za chumba kimoja na kibaraza, sakafu ya udongo, na kila kilichokuwa sakafuni kilikuwa cha Tamar.

Watu walipotawanyika, Lazare alibaki. Akasema kwa sauti ya chini zaidi kwamba mwaka uliopita alifanya kazi katika kambi nyingine, mbali na hapa. Kule nako waliweka dawa hiyo. Waliwaonya kina mama wote, nyumba kwa nyumba. "Nilimubeba mutoto mumoja mpaka ku hospitali," akasema. "Nilikimbia sana, tata. Kukimbia hakukusaidia."

Gamaliel hakumwuliza zaidi habari za mtoto yule. Alimwuliza jambo moja tu: bwana mkubwa wa usafi akionyeshwa kwamba panya wanaweza kukamatwa bila dawa, je, atasikia?

"Nitamwomba," akasema Lazare. "Lakini aone kwa macho."

*

Kesho yake Gamaliel aliomba mbao kuukuu za mabehewa katika karakana, akapewa, na kwa siku mbili baada ya kazi alitengeneza sanduku la kunasia panya. Lilikuwa sanduku la kupendeza. Aliliunda kama alivyounda mabehewa ya nafaka kwa miaka ishirini: mbao zimepigwa randa zikalainika, viungo vimebanana hata wembe usipite, kifuniko kimekaa sawasawa, nuru isiingie, wala tone la mvua. Upande mmoja ulikuwa na mlango wa kuteleza ulioshikiliwa juu kwa uzi. Ule uzi ulifika mwisho wa sanduku, kwenye ndoano yenye karanga. Panya akivuta karanga, mlango unashuka.

Stanislas, jirani yake, alikuja kulitazama. Yeye kazi yake ilikuwa kugeuza njia za reli pale treni zinapoingia stesheni, na kwa kuwa kutwa alikuwa peke yake na vyuma, jioni alikuwa na maneno mengi.

"Gamaliel, hapa panya ataingia ama atapanda daraja la kwanza?"

"Cheka tu."

"Sicheki. Minyi mwenyewe ningelala mule. Nyumba yangu inavuja, hii haivuji."

Gamaliel akatengeneza manne ya namna hiyo, akayaweka katika nyumba nne. Lazare alileta ungo wa majivu, wakayatandaza kuzunguka kila sanduku, ili alama za miguu zieleze kilichopita. Asubuhi ya kwanza hapakuwa na panya. Asubuhi ya pili, hapakuwa na panya. Asubuhi ya tatu katika sanduku la nyumba ya Valérie, mama wa mapacha, alipatikana mende mmoja mkubwa sana, na habari hiyo ilifika ghalani kabla ya Gamaliel mwenyewe.

"Tunasikia umekamata," wakamwambia wapakiaji. "Ngozi yake utauza wapi?"

Kulikuwa na wengine waliomwambia kwa moyo mzuri kwamba anajisumbua bure. Mpuku, panya wa porini, wale wanono wanaoliwa pamoja na bugali, hao kila mtu alijua kuwatega tangu utoto wake. Lakini hawa wa treni hawana kwao. Wamezoea watu, wanajua kila hila.

Gamaliel alipiga magoti kwenye majivu na kutazama. Alama zilikuwapo, nyingi, vidole vidogo kama vimechorwa na sindano. Zilikuja kando ya ukuta moja kwa moja hadi mlangoni pa sanduku. Pale zilisimama. Kisha zikazunguka sanduku zima, upande wa nyuma, na kuendelea na safari kando ya ukuta. Katika nyumba zote nne ilikuwa hivyo hivyo. Panya walifika, wakachungulia, wakakataa.

Akafikiri ni karanga. Akaweka samaki, akaweka mbegu za mchikichi. Walifika, wakachungulia, wakakataa. Wiki ya kwanza ikaisha.

*

Nyumbani kwake, zaidi ya Tamar, alikuwapo Ève, mke wa mwanawe Constant. Constant alikuwa mchochea moto wa treni, naye wakati huo alikuwa safarini njia ya Luputa. Ève alikuwa binti wa Kiluba aliyelelewa vizuri, na kwa hiyo hakumkabili baba mkwe wake kwa maneno. Hakukaa naye mkeka mmoja, hakumtazama usoni. Akiwa na jambo la kumwambia, alimwambia mtoto.

Jumapili iliyofuata, Gamaliel akiwa amekaa na sanduku miguuni kama mtu aliyekaa na mgonjwa, Ève alimchukua Tamar, akampa mgongo mzee, akasema:

"Tamar, weye unaonaka panya kila siku. Anapita wapi? Anapita katikati ya sanduku la nguo na ukuta, njo vile? Anaingia huku, anatoka kule. Kila siku. Na nyuma ya mutungi? Anaingia huku, anatoka kule. Lakini mu kikapu ya mama, ile iko na mudomo mumoja, hajaingia hata siku moja. Juu ya nini, Tamar?"

Tamar alivuta sikio la mama yake.

"Hajui," akasema Ève. "Angeuliza bakubwa."

Gamaliel aligeuza sanduku lake, akatazama mlango wake mmoja. Kisha akanyanyuka, akatoka na sanduku lake kwapani, akamkuta Stanislas kwenye kibaraza akila mihogo.

"Stanislas, njia ya reli isiyotoka, ile ya mwisho wa ghala. Dereva anaingiaje mule?"

"Polepole. Anatukana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu haoni mbele pa kutokea. Akiingia na kitu kikiharibika, atarudi kinyumenyume. Hakuna dereva anapenda." Stanislas akatazama sanduku, akaacha kutafuna. "Ehee. Ndugu yangu. Umebajengea njia ya mwisho."

"Nimebajengea behewa," akasema Gamaliel.

Ndivyo ilivyokuwa. Kwa miaka ishirini kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kilichoingia ndani hakina tundu la kutokea, wala nuru haipiti, na kwa kazi hiyo alisifiwa. Mikono yake haikujua namna nyingine. Jumatatu jioni, baada ya kazi, akachukua msumeno. Alipoushika juu ya ule ubao wa nyuma uliopigwa randa mara tatu, alisita kidogo, na Stanislas, badala ya kuchekesha, akamshikia sanduku.

Sanduku jipya lilikuwa refu, jembamba, limekaa kando ya ukuta kama mfereji. Milango ilikuwa miwili, huku na kule, yote imeinuliwa kwa uzi mmoja uliopita juu. Katikati, sakafuni, palikuwa na kibao cha kukanyagia. Panya akipita njia yake ya kila siku na kukikanyaga, kigingi kinachomoka, uzi unalegea, milango yote inashuka pamoja. Mwanzoni mmoja ulichelewa na panya akatoka. Gamaliel aliona alama ya mkia wake kwenye majivu, mstari mrefu wa haraka. Akapaka reli za mlango nta ya mshumaa. Asubuhi iliyofuata, Jumatano, sanduku la nyumba ya Valérie lilikuwa limefungwa pande zote mbili, na ndani kitu kilikuwa kikikwaruza.

Stanislas ndiye aliyelipeleka kwenye pipa la maji. Lazare alikuja kuandika, akatazama pembeni pipa lilipotumika, akaandika.

Ijumaa masanduku mapya yalikuwa manne, na walikuwa wamepatikana panya tisa. Na Ijumaa hiyo hiyo jioni Gamaliel alimkuta Tamar amelala kifudifudi mbele ya sanduku la nyumbani, mkono umo ndani hadi begani, akicheka. Alikuwa amekifikia kibao. Mlango, ubao mwepesi wa sanduku la sabuni, ulikuwa umemwangukia mkononi bila kumwumiza. Lakini panya angekuwa ndani, angemng'ata.

Mzee alimtoa, akambusu vidole kimoja kimoja, akaketi naye. Akachukua uzi, akamnyoosha mkono na kumpima kuanzia begani hadi ncha ya kidole cha kati. Tamar alifikiri ni mchezo, akampa na mkono wa pili. Kuanzia siku hiyo, kila sanduku lilipimwa kwa ule uzi na zaidi: kutoka mlangoni hadi kwenye kibao pawe parefu kuliko mkono wa mtoto. Tena, ndani ya kila mlango akapigilia vibao viwili vidogo, kimoja kimetoka kushoto, kingine kimetoka kulia, ili mwenye kuingia apinde kona. Panya hupinda. Mkono wa mtoto hukwama. Na kwa kuwa matundu yalikuwa madogo, hata kuku hawakuweza kupitisha vichwa.

"Sasa limekuwa baya kweli," akasema Stanislas kwa heshima.

*

Bwana mkubwa wa usafi alikuja Jumamosi adhuhuri, siku mbili kabla ya siku ya sumu. Alikuwa Mbelgiji mrefu mwenye macho yaliyochoka, asiyeketi mahali. Lazare alimtembeza katika zile nyumba nne na kumwonyesha majivu yaliyotandazwa usiku uliopita. Yalikuwa laini kama yalivyomwagwa. Akampeleka nyumba ya tano, isiyo na sanduku: majivu yalikuwa kama njia ya soko. Yule bwana akarudi nyumbani kwa Valérie, akainama, akaingiza fimbo yake ndani ya sanduku, milango ikaanguka. Akaifungua akairudia. Kisha akasema kwa Kifaransa, na Lazare akafasiri, sauti yake safari hii ikisikika hadi nyuma:

"Anasema: nyumba yenye sanduku, Jumatatu haitawekwa dawa. Nyumba isiyo na sanduku, itawekwa. Atapita saa moja asubuhi."

"Masanduku yako mane," akasema Gamaliel. "Nyumba ziko kumi na mbili. Atuongezee juma moja."

Lazare aliuliza. Jibu lilikuwa fupi.

"Anasema amri iko na tarehe, tata."

Jumamosi hiyo, hadi giza lilipoingia, Gamaliel alimaliza mawili. Yalibaki sita, na siku iliyobaki ilikuwa Jumapili.

Mstari wote ulijua maana yake. Gamaliel ndiye aliyesimama kanisani mwaka ule kumkemea Stanislas kwa kutengeneza baiskeli siku ya Bwana. Alikuwa amemwambia mbele ya watu. Sasa alfajiri alivaa koti lake la ibada, akaenda kwa Mchungaji Jéthro, akamkuta ananyoa ndevu mbele ya kipande cha kioo.

"Baba Pasta, leo nataka kupasua mbao."

Jéthro alishusha wembe. Alikuwa amesikia habari za bwana wa usafi kama kila mtu. "Ruhusa sitakupa," akasema. "Nikikupa weye, juma lijalo wote watakuja na sababu zao."

"Sikuja kuomba ruhusa. Nilikuja ili usisikie kwa mutu mwingine."

Mchungaji alimtazama ndani ya kioo, nusu ya uso wake bado nyeupe kwa povu. "Kibaraza chako kiko karibu sana na kanisa," akasema. "Nikisikia musumeno, nitaimbisha wimbo murefu."

Siku hiyo waliimba nyimbo ndefu sana. Baadhi ya waumini walitoka ibadani wakapita mbele ya kibaraza cha Gamaliel bila kumsalimia, na mama mmoja alifunika macho ya mwanawe. Mzee aliwaona wote, wala hakuwalaumu. Juma lililopita yeye mwenyewe angepita hivyo hivyo. Lakini Valérie alikuja na mbao za kreti ya samaki wa Kinkondja kichwani, akazitua kibarazani. Stanislas alikuja na misumari aliyoinyoosha mmoja mmoja kwa jiwe. Gamaliel alitaka kusema kitu kuhusu ile baiskeli, akaanza, "Ile siku kanisani..."

"Shika ubao," akasema Stanislas. "Utaniomba musamaha tukimaliza. Nataka unione uso."

Lazare alifika baada ya adhuhuri, amekunja mikono ya shati lake jeupe, akapewa kazi ya kupaka nta. Aliifanya kwa bidii na vibaya.

Jua lilipozama walikuwa wamemaliza yote sita.

*

Hesabu ilitimia: masanduku kumi na mbili, nyumba kumi na mbili. Lakini nyumba ya Valérie ilikuwa na sanduku la zamani, lile la majaribio, ambalo halikuwa limerefushwa wala kutiwa vile vibao vya kona, na mapacha wake walikuwa na umri wa Tamar. Gamaliel alilichukua lile, akalivunja kwa ajili ya mbao zake, akampa Valérie sanduku la nyumbani kwake mwenyewe. Alifikiri atamaliza jingine alfajiri kabla ya saa moja. Ubao wa zamani ulipasuka. Saa moja ilimkuta na milango miwili mkononi na sanduku lisilo na sakafu.

Bwana wa usafi alipita nyumba kwa nyumba. Alifika ya mwisho, ya Gamaliel, akatazama sakafu, akatazama ile milango na lile sanduku lisilo na sakafu. Lazare alizungumza naye muda mrefu, na kwa mara ya kwanza watu wa mstari wa tatu walimsikia kijana yule akipaza sauti. Haikusaidia. Amri ilikuwa na tarehe. Lazare mwenyewe ndiye aliyepiga magoti na kuimimina ile poda nyeupe chini ya kitanda na nyuma ya mtungi, na nyingine ilipomwagika pembeni, akaifuta kwa leso yake, akaikunja leso na kuitia ndani ya mkebe wa poda.

Walipokwenda zao, Ève alisimama mlangoni na Tamar mgongoni. Safari hii hakumwambia mtoto. "Baba," akasema, macho yake yametazama chini lakini sauti imemwelekea yeye, "ulitoa ya kwetu."

"Nilitoa."

"Valérie iko na babili. Minyi niko na mumoja. Njo vile ulihesabu?"

"Sikuhesabu, mwanangu. Niliogopa lile la zamani."

Ève akamweka mtoto sawa. Kisha akakaza kitenge mgongoni, fundo la kwanza, fundo la pili, akavuta hadi kikalia. "Basi hatashuka," akasema.

Na hakushuka. Kutwa ile Ève alipika kwenye mafiga ya nje, akatwanga, akateka maji, akafua, na Tamar akiwa mgongoni. Mtoto aliyekwisha kuonja kutambaa hapendi tena mgongo. Alilia asubuhi, akalia mchana, akamvuta mama yake nywele, akanyoosha mikono kwa kila kilichokuwa ardhini. Valérie alikuja kumpokea akambeba kwa muda wa saa mbili, naye akampa mke wa Stanislas, naye akamrudisha. Hakuna aliyemweka chini. Walilala kwa Stanislas, mtoto amefungwa bado kifuani pa mama yake.

Gamaliel alikwenda kazini kwa sababu ilimpasa, akarudi, akapiga sakafu ya sanduku. Hakupiga randa. Jumanne jioni lilikuwa tayari, na vibao vyake vya kona, bichi, limepinda kidogo upande mmoja. Lazare alikuja na karatasi iliyotiwa sahihi na bwana wake, nyumba ya kumi na mbili ina sanduku, dawa iondolewe. Wakaiondoa pamoja, yeye na mzee, kwa ufagio, kisha kwa kitambaa chenye maji. Kisha wakakwangua sakafu yote kwa jembe, kina cha kidole kizima, wakautoa udongo ule kwa ndoo na kuufukia mbali, ng'ambo ya reli. Stanislas alileta udongo mpya wa kichuguu. Wanawake wakaumwagia maji, wakaupiga na kuusawazisha kwa viganja hadi ukang'aa.

Walingoja ukauke. Ilichukua hadi kesho yake adhuhuri, na Ève hakumfungua mtoto hata dakika moja. Kisha akaingia, akatazama chini ya kitanda, akatazama nyuma ya mtungi, akalamba kidole na kukigusisha sakafuni pembe zote nne, akanusa. Akafungua fundo la kwanza.

Tamar alipofika chini alikaa kidogo, ameshangaa, kama aliyesahau. Kisha akaweka viganja vyake kwenye udongo mpya na kuondoka kwa kasi kuelekea kwenye sanduku jipya la babu yake, kando ya ukuta.